Peter Obi na daftari la duka

Nigeria wana neno "shishi", jina la sarafu ya zamani isiyo na thamani, ndugu wa ndururu yetu. Katika kampeni za urais za 2022 na 2023 wafuasi wa Peter Obi, gavana wa zamani wa jimbo la Anambra, waliligeuza kaulimbiu: sisi hatutoi shishi. Hakuna bahasha, hakuna nauli ya kuja mkutanoni, hakuna mchele wa kupimiwa kikombe. Katika nchi ambayo wapiga kura wengi huamka siku ya uchaguzi wakitarajia kushikishwa chochote, maneno hayo yalitosha kumzika mgombea. Obi akapata kura 6,101,533. Aliongoza Lagos, ngome ya Bola Tinubu mwenyewe, akamaliza wa tatu nyuma ya Tinubu, aliyeshinda, na Atiku Abubakar, tena kwa tiketi ya Labour, chama ambacho miezi kumi kabla hakuna aliyekihesabu.

Wapenzi wake waliita nidhamu, mahasimu wakaita ubahili. Naona wamesema kitu kimoja, kwa kuwa kwa Obi ubahili umepita tabia, umekuwa sera. Magazeti hupenda kutenganisha anachosema kuhusu uchumi na anachosema kuhusu shule, kana kwamba ni vitabu viwili. Ni daftari moja, lile la dukani: upande huu kilichoingia, upande huu kilichotoka, na chini kabisa swali la kila jioni, je, kilichotoka kitarudi? Nitajaribu kulisoma hapa, pamoja na kurasa ambazo mwenyewe hapendi kuzisoma kwa sauti.

Vijana wa duka na shule zilizotwaliwa

Obi alizaliwa Julai 1961 mjini Onitsha, ukingoni mwa mto Niger, katika jimbo ambalo leo ni Anambra. Jimbo lenyewe ni dogo, kilomita za mraba 4,844. Kati ya majimbo 36 ya Nigeria ni Lagos tu iliyo ndogo zaidi. Watu wamebanana, ardhi imeliwa na makorongo, na kwa miaka mingi kilichowalisha watu wa huko, wa kabila la Waigbo, ni biashara. Soko Kuu la Onitsha ni miongoni mwa masoko makubwa ya Afrika Magharibi. Mwendo mfupi kuelekea kusini kuna Nnewi, mji wa vipuri vya magari uliokuja kuzaa kiwanda cha magari yenyewe, Innoson.

Biashara hiyo ina shule yake, na Waigbo huiita igba boi. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na kitu hukabidhiwa kwa tajiri, mara nyingi ndugu au mtu wa kijiji kimoja. Haanzi kwa kushika fedha. Anaanza na ufagio, mizigo ya kubeba kichwani, chakula cha tajiri cha kufuata nyumbani, na kusimama mlangoni akiita wateja. Bei anazikariri baadaye: ile ya kutajia, ile ya kushushia, na ile ambayo mteja akiteremka chini yake aachwe aende zake. Miaka mitano, sita, saba inapita bila mshahara. Akimaliza kwa uaminifu tajiri humtoa: humpa mtaji au bidhaa, wengine humlipia na kodi ya chumba, naye hufungua lake na baada ya muda kupokea vijana wake.

Desturi hiyo ni ya zamani, ila vita vya Biafra ndivyo vilivyoifanya kamba ya uhai. Biafra, nchi ya Waigbo iliyojitenga na Nigeria, ambayo Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa ya kwanza duniani kuitambua, Aprili 1968, ilisalimu amri Januari 1970. Mwenye akaunti benki, hata kama aliweka maelfu, alirudishiwa pauni 20. Mwaka 1972 ikatoka amri ya kuhamishia sehemu za kampuni za kigeni mikononi mwa Wanigeria, na aliyeachiwa pauni 20 hakuwa na cha kununulia hisa. Kilichobaki ni kumpa mtoto wa ndugu nafasi dukani. Familia nyingi ziliinuka kwa njia hiyo, lakini gharama yake ilionekana darasani: kwa miaka mingi katika majimbo ya Waigbo wavulana waliacha shule wakaenda sokoni, na madawati yakabaki na wasichana wengi kuliko wao.

Mwaka 1970, vita vilipokwisha, serikali ya jimbo la wakati ule, chini ya Ukpabi Asika, ilizitwaa shule za makanisa. Wamisionari wengi wa kigeni, hasa mapadre wa Ireland, walikuwa wamefukuzwa kwa kuwa walionekana kuisaidia Biafra kwa chakula kilicholetwa na ndege za usiku. Msomaji wa Tanzania ataiona sura anayoifahamu, maana kwetu pia shule za misheni zilitaifishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ingawa kwa sababu nyingine kabisa. Anambra serikali ilichukua majengo, walimu na mishahara. Haikuweza kuchukua mkono wa padre au mkuu wa shule aliyejua kila mzazi kwa jina na kila dirisha lililovunjika.

Obi ametoka katika pande zote mbili za hadithi hii. Alisoma Christ the King College ya Onitsha, shule ya Wakatoliki, kisha akachukua shahada ya falsafa Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, akamaliza 1984. Hakufundisha falsafa hata siku moja. Aliingia kwenye uagizaji wa bidhaa kutoka nje, kupitia kampuni ya Next International, akakaa kwenye bodi kadhaa na kuwa mwenyekiti wa Fidelity Bank. Mpaka leo akiulizwa yeye ni nani hujibu kwamba ni mchuuzi tu. Hilo ni jina dogo kwa mtu aliyeongoza benki, na analitumia kwa makusudi.

Mdai chenji

Alivyoupata ugavana ni kisa cha kipekee, na kinafaa kusimuliwa kwa kuwa kinaonyesha mtu wa namna gani. Mwaka 2003 aligombea kupitia chama kidogo cha APGA, tume ya uchaguzi ikamtangaza mshindi Chris Ngige wa PDP, chama tawala. Wengi wangelalamika wiki mbili kisha wakahamia chama tawala. Obi alikaa mahakamani karibu miaka mitatu, na Machi 2006 Mahakama ya Rufaa ikampa ushindi. Kabla mwaka haujaisha, Novemba 2006, bunge la jimbo lilimwondoa katika kikao cha alfajiri. Naibu wake, Virginia Etiaba, akaapishwa na kuwa mwanamke wa kwanza kuwa gavana Nigeria. Mahakama ikamrudisha Obi Februari 2007. Miezi miwili baadaye ukafanyika uchaguzi mwingine, Andy Uba akaapishwa Mei 29, na Obi akaenda Mahakama ya Juu na hoja moja: miaka minne ya gavana huhesabiwa tangu siku anayoapa, mimi niliapa 2006, yangu haijaisha. Juni 14, 2007, mahakama ikakubali na Uba akaondoka baada ya siku kumi na sita. Ndiyo maana hadi leo Anambra hupiga kura ya gavana kwa ratiba yake, mbali na majimbo mengi.

Mtu aliyedai chenji yake hadi sarafu ya mwisho ndiye aliyekuja kushika hazina ya jimbo.

Mgao wa Abuja na begi la gavana

Kuuelewa ubahili wake kunahitaji kujua fedha ya jimbo la Nigeria inatoka wapi. Kila mwezi mapato ya mafuta na sehemu ya kodi hukusanywa katika kapu moja, wahusika wa fedha hukutana Abuja, na kapu hugawanywa kati ya serikali kuu, majimbo na serikali za mitaa. Majimbo mengi huishi kwa mgao huo. Lagos na machache mengine ndiyo yenye makusanyo ya ndani ya kutamba nayo. Gavana hadhibiti thamani ya naira, haweki ushuru wa forodha, hapangi riba. Anachodhibiti ni matumizi. Na upande wa matumizi ndiko kulikooza: misafara ya magari ishirini, wajumbe wa safari wasio na kazi, zabuni zenye bei ya mara tatu, na "fungu la usalama" ambalo magavana hulitumia bila kukaguliwa.

Obi alianzia hapo. Alipunguza msafara, akasafiri na watu wachache, akaonekana viwanja vya ndege akibeba begi lake mwenyewe. Kwenye hotuba husimulia kwamba ana saa moja ya mkononi na jozi mbili za viatu vyeusi. Ni maigizo kiasi, ndiyo. Tajiri anayejisifia viatu viwili anajua kamera iko wapi. Ila maigizo hayo yalikuwa na maana kwa watumishi waliokuwa chini yake: mkandarasi aliyeleta makadirio alijua kwamba mtu aliye mbele yake ameagiza makontena kwa miaka ishirini na anajua bei ya saruji, ya nondo na ya dizeli. Mchumi huuliza kama mradi umo kwenye mpango. Mwenye duka huuliza umenunua wapi na kwa bei gani. Katika nchi ambayo wizi mkubwa hufanyika ndani ya bei, swali la pili ndilo linalouma.

Hii ndiyo nguzo ya kwanza ya fikra zake za uchumi, na tangu 2006 haijabadilika: tatizo la Nigeria halianzi kwenye uhaba wa fedha, linaanzia kwenye kuvuja.

Kurudisha shule kwa wenyewe

Nguzo ya pili ni kwamba fedha iliyookolewa ipelekwe mahali inapozaa, na kwake hakuna panapozaa kama darasani. Husema hivyo kwa lugha ya mtaji: nchi haiendelei kwa sababu ya mafuta yaliyo chini ya ardhi, inaendelea kwa watu waliofundishwa na wenye afya.

Hatua yake iliyozua mjadala mkubwa ni kuzirudisha shule kwa makanisa. Ilipofika 2011 shule za msingi na baadhi ya sekondari zilizotwaliwa 1970 zilikuwa zimerudi kwa Wakatoliki, Waanglikana na madhehebu mengine. Hakuwakabidhi magofu na kuwatakia kila la heri; aliambatanisha fedha za ukarabati, na serikali ikaendelea kulipa mishahara ya walimu. Hospitali za misheni nazo zilipata fungu, pamoja na vyuo vyake vya uuguzi, ikiwemo Iyi-Enu ya Waanglikana huko Ogidi na Our Lady of Lourdes ya Wakatoliki huko Ihiala. Shule zikapelekewa kompyuta, jenereta na mabasi.

Ukiichambua kwa jicho la biashara, alifanya kile ambacho tajiri wa Onitsha hufanya anapomtoa kijana: humpa mtaji na jina, lakini anayeamka asubuhi kufungua mlango ni mwingine. Serikali haiwezi kujua kama mwalimu wa hisabati wa kijiji fulani alifika Jumatatu. Paroko anajua. Obi alikuwa ananunua usimamizi ambao hazina yake isingeweza kuulipia.

Matokeo ya mitihani ya WAEC na NECO, ile ya mwisho wa sekondari, yalipanda, na Anambra ikafika nafasi za juu kabisa kitaifa. Hii ndiyo kadi anayoicheza kila jukwaa. Ni kadi nzuri, ila tuigeuze tuone nyuma. Nafasi za majimbo hupangwa kwa asilimia ya watahiniwa waliopata alama za kutosha katika masomo matano, Kiingereza na hisabati yakiwemo. Asilimia haimhesabu mtoto ambaye hakufika chumba cha mtihani. Kijana aliyeacha shule na kwenda kuuza vipuri Nnewi haishushi alama ya jimbo lake. Nigeria pia ina ugonjwa wa vituo vya mitihani ambako majibu huuzwa. Kwa hiyo naamini shule zilitengenezwa, walimu walifuatiliwa na matokeo yakapanda. Kusema kwamba sera moja ndiyo iliyoleta nafasi ya kwanza ni kuuza kwa bei ya kutajia.

Lilikuwepo pia swali la nani ameachwa nje. Siasa za Anambra zina mvutano wa zamani kati ya Wakatoliki na Waanglikana, na kila shule iliyorudi ilipimwa kwa mizani hiyo. Wazazi waliogopa ada. Ni kweli kwamba shule ya kanisa ina nidhamu. Ni kweli pia kwamba ina risiti.

Akiba, na kurasa zisizosomwa

Obi aliondoka Machi 2014 akisema ameacha naira bilioni 75, fedha taslimu na vitega uchumi, zikiwemo zaidi ya dola milioni 150 zilizowekwa kwenye benki tatu. Kwa gavana wa Nigeria hilo lilikuwa jambo la ajabu. Kawaida anayeondoka huacha mishahara ya miezi sita haijalipwa na mikopo ambayo mjukuu wa mrithi wake atailipa.

Mrithi wake, Willie Obiano, ambaye Obi mwenyewe alimnadi, aligeuka karibu papo hapo. Serikali mpya ikasema sehemu kubwa ya bilioni hizo si fedha za kutumia, na kwamba wameachiwa mikataba ya barabara yenye kudai zaidi. Wote wawili waliweza kuwa wakweli kwa wakati mmoja, kwa sababu hapa ndipo hesabu za duka na hesabu za serikali zinapoachana. Dukani, fedha iliyo kwenye droo ni yako. Serikalini, fedha iliyo kwenye droo huku mkandarasi hajalipwa ni deni ambalo halijaandikwa. Obi husema pia kwamba hakukopa. Wakosoaji humwonyesha orodha za ofisi ya taifa ya madeni ambamo jina la Anambra limo.

Nitamtetea kwenye jambo moja: dola. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa kama naira 160. Kufikia 2024 ilikuwa imepita 1,500. Aliyeweka akiba kwa fedha ya kigeni katika nchi inayoishi kwa bei ya mafuta alifanya kile ambacho mwagizaji yeyote wa Onitsha angekuambia ufanye, na ambacho Abuja yenye wachumi wake wote haikukifanya vya kutosha.

Lakini akiba ina upande wa pili. Kati ya 2011 na 2012 madaktari wa hospitali za jimbo waligoma kwa zaidi ya mwaka mmoja wakidai viwango vya mshahara. Zaidi ya mwaka! Mwenye duka anaweza kufunga milango akingoja msambazaji ashushe bei. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja. Na uchaguzi wa serikali za mitaa, ngazi ambayo kwa katiba ndiyo iliyo karibu zaidi na shule za msingi, haukufanyika hadi Januari 2014, miezi miwili kabla hajatoka. Tajiri mzuri mara nyingi ni yule asiyemwachia mtu mwingine funguo, na tabia hiyo ikihamia serikalini haiitwi tena umakini.

Kisha kuna mpaka kati ya mfuko wake na wa umma. Moja ya benki zilizotunza akiba ya jimbo ilikuwa Fidelity, aliyowahi kuiongoza. Mwaka 2021, nyaraka za Pandora, zilizovuja kuhusu mali zilizofichwa nje ya nchi, zilipotoka, gazeti la Premium Times liliandika kwamba Obi alikuwa na kampuni za nje ya nchi ambazo hakuzitaja kwenye tamko lake la mali, na kwamba alibaki mkurugenzi wa kampuni ya familia huko Uingereza kwa zaidi ya mwaka baada ya kuapishwa. Alikana kuvunja sheria. Alisema hakujua kwamba mali anayomiliki pamoja na familia inapaswa kutajwa. Huenda. Ila mtu anayejua bei ya kila gunia la saruji, kisha hajui fomu ya mali inataka nini, anatuomba tuamini mengi.

Kutoka jimbo hadi taifa

Alipogombea urais aliichukua hesabu ya Anambra akaitandaza nchi nzima. Kaulimbiu ya uchumi ilikuwa kuitoa Nigeria kwenye ulaji kuipeleka kwenye uzalishaji. Kuna kejeli kidogo, kwa kuwa utajiri wake umetokana na kuagiza vitu vya kuliwa na kutumiwa. Mwenyewe haoni aibu: aliyeagiza kwa miaka mingi ndiye anayejua ni vitu gani vingeweza kutengenezwa nyumbani. Akiwa gavana serikali yake ilinunua magari ya Innoson na kuwekeza katika kiwanda cha bia ambacho SABMiller ilikijenga Onitsha na kukifungua 2012. Bia yake, Hero, ilibandikwa nembo ya jua linalochomoza, alama ya Biafra ambayo kila Muigbo aliyeishi miaka ya vita anaijua, ikanunuliwa kwa fahari kuliko kiu. Serikali iliyowarudishia makanisa shule ikawa mbia wa bia. Siasa za Anambra hazichoshi.

Mfano anaoupenda ni wa ardhi. Jimbo la Niger lina karibu kilomita za mraba 76,000. Uholanzi nzima ni kama 41,000, nayo huuza nje mazao ya kilimo ya zaidi ya dola bilioni 100 kwa mwaka. Basi, husema, mafuta mapya ya Nigeria ni ardhi ya kaskazini. Ukumbi hupiga makofi. Hesabu hii huvutia na hupotosha. Mauzo ya Uholanzi hayatoki kwenye ukubwa wa ardhi. Yanatoka kwenye nyumba za vioo, bandari ya Rotterdam, mazao ya nchi nyingine yanayopita humo na kuuzwa upya, na utafiti wa chuo kikuu cha Wageningen. Mkulima wa Niger hana barabara, na sehemu nyingine anawalipa majambazi ili aruhusiwe kuvuna. Lakini tazama: hapo katikati ya orodha kuna chuo. Obi anapolitumia fungu la ardhi anakosea. Anapolirudisha kwenye shule, kama afanyavyo mwishoni mwa hotuba nyingi, anakuwa amelijibu swali lake.

Na shule ndizo zilizompa jeshi. Walimu wa vyuo vikuu vya umma waligoma tangu Februari 14 hadi Oktoba 14, 2022, miezi minane kamili. Maelfu kwa maelfu ya vijana walikuwa nyumbani na simu mkononi wakati kampeni zinapamba moto. UNESCO mwaka huo ilikadiria kwamba watoto karibu milioni 20 wa Nigeria hawakuwa shuleni. Akaja mzee wa miaka sitini na moja, anayezungumza kwa sauti nyembamba na kurusha takwimu kama mtu anayesoma ankara, akasema fedha mnayoiona haipo imeibwa, na ingekuwa darasani. Wakajiita Obidient, jina la Obi likichezwa ndani ya neno la Kiingereza "obedient", mtiifu.

Kuhusu mikopo, msimamo wake ni ule wa sokoni: mkopo wa kununulia bidhaa haudhuru, mkopo wa kulia ndio unaofilisi. Mwaka aliogombea hoja hiyo haikuhitaji mapambo. Katika miezi minne ya kwanza ya 2022 serikali kuu ilitumia naira trilioni 1.94 kuhudumia madeni, ilhali mapato iliyobaki nayo yalikuwa trilioni 1.63.

Ruzuku ya petroli aliiita uhalifu uliopangwa, akaahidi kuiondoa. Sawa, ila wagombea wenzake wakubwa nao waliahidi hivyo, na Tinubu aliiondoa siku ileile ya kuapishwa, Mei 29, 2023. Bei ya lita ikaruka kutoka chini ya naira 200 hadi karibu 500 ndani ya siku chache, naira ikaachiwa ielee mwezi uliofuata, na kufikia Desemba 2024 mfumuko wa bei ulipita asilimia 34. Obi tangu hapo hukosoa namna ilivyofanywa. Wengine tunabaki na swali ambalo daftari lake haliwezi kulijibu, kwa kuwa dukani halipo: unapoziba uvujo ambao maskini alikuwa akiutumia kuendea kazini, unampa nini asubuhi ya siku ya pili? Kuokoa fedha na kuzifikisha kwa mtu ni kazi mbili, na Anambra alijaribiwa zaidi kwenye ile ya kwanza.

Profesa na mchuuzi

Yupo mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kumhukumu kuliko wengine. Chukwuma Soludo, profesa wa uchumi na gavana wa zamani wa Benki Kuu, ndiye aliyeipanga upya sekta ya benki ya Nigeria. Mwaka 2010 alisimama dhidi ya Obi kugombea Anambra, akashindwa. Machi 2022 akaupata ugavana, kwa tiketi ya APGA, chama kilekile alichokitumia Obi, akafika kazini kwa gari la Innoson. Mwaka uliofuata akatangaza elimu ya bure katika shule za serikali, tangu chekechea hadi mwaka wa tatu wa sekondari ya chini, baada ya kuajiri walimu 5,000 wapya.

Novemba 2022, kampeni za urais zikiwa zimewaka, aliulizwa kwenye televisheni kuhusu vile vitega uchumi maarufu alivyoacha Obi. Akasema thamani yake kwa wakati ule ilikuwa karibu na bure. Hakutunga: kile kiwanda cha bia cha Onitsha kilikuwa kimeunganishwa na International Breweries, na hisa za kampuni hiyo zilikuwa zimeporomoka sokoni. Siku chache baadaye akaandika waraka mrefu akieleza kwamba Obi hana njia ya kushinda urais.

Wafuasi wakamtukana profesa mtandaoni kwa wiki nzima. Obi akaulizwa atajibu nini. Alisema Soludo ni ndugu yake, na kwamba alifanya alichoweza alipokuwa kazini. Kama kuna shule hakuzimaliza, aliyepo atazimalizia, ndivyo serikali zinavyopokezana. Mwenzangu ni profesa, akaongeza, mimi ni mchuuzi.